Uthabiti wa vitendanishi katika maabara ya tiba: loti mpya, sampuli shahidi na namba ya mgonjwa

1. Utangulizi

Mtu mmoja anapimwa sukari ya damu asubuhi kabla ya kula. Karatasi ya majibu inaonyesha miligramu 115 kwa desilita. Baada ya miaka miwili anarudi katika maabara ile ile, hali hajala, na safari hii karatasi inaandika 127. Daktari anayezilinganisha karatasi hizo mbili ana haki ya kushtuka, kwa sababu kikomo kinachotumiwa kutambua kisukari kwa mtu aliyefunga ni 126. Kwa desturi jibu la namna hiyo hurudiwa siku nyingine kabla ya kumtangazia mtu ugonjwa. Lakini kipimo kikirudiwa kesho yake kwa dawa ile ile ya maabara, kitatoa 127 nyingine. Hapo mtu ataambiwa kwamba ana ugonjwa wa maisha yake yote, atabadilishiwa chakula, na pengine ataanzishiwa vidonge.

Swali linaloshughulikiwa na makala haya ni lile ambalo mgonjwa hawezi kuliuliza na daktari huuliza mara chache: je, kilichobadilika katika miaka hiyo miwili ni damu au ni chupa? Baina ya kipimo cha kwanza na cha pili maabara imekwisha kumaliza chupa nyingi za kitendanishi na kufungua nyingine. Kila chupa mpya ina jina lile lile, rangi ile ile na maelezo yale yale. Namba tu iliyopigwa muhuri pembeni ndiyo inayotofautiana. Makala yanaeleza kwa nini namba hiyo ndogo inastahili kusomwa, na jinsi wataalamu wa maabara wanavyohakikisha kwamba kipimo cha leo kinasema lugha moja na kipimo cha mwaka juzi.

2. Istilahi

Neno kitendanishi limeingia katika Kiswahili sanifu kwa njia ya kamusi za sayansi, hasa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia iliyotolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam mwaka 1990. Umbo lake linajieleza lenyewe: shina -tenda, viambishi vya kutendana, kisha kiambishi cha kusababisha. Ni kitu kinachofanya vitu vingine vitendane. Katika maabara za Kongo neno hilo halisikiki sana. Laborantini husema réactif, au hutumia tu neno dawa, jambo linalomchanganya mgonjwa anayedhani kwamba dawa inayokosekana ni ya kumeza. Kitendanishi basi ni kimiminiko, unga au karatasi iliyolowanishwa ambayo, ikikutana na damu au mkojo, hutoa ishara inayoweza kuonekana au kupimwa: rangi, mgando, mstari.

Loti ni kiasi cha bidhaa kilichotengenezwa kwa mkupuo mmoja, kwa malighafi zile zile na katika mazingira yale yale. Tanzania na Kenya wengi husema bechi. Hapa neno loti linatumiwa kwa kuwa wasomaji wa Kongo wanalijua kutokana na Kifaransa, na kwa kuwa ndilo linaloandikwa juu ya masanduku mengi yanayofika mikononi mwao.

Neno la tatu ni gumu zaidi. Sampuli ambayo thamani yake inajulikana tangu mwanzo, na ambayo hupimwa kila siku pamoja na za wagonjwa, Wafaransa huiita témoin, yaani shahidi. Wako wanaopendelea kidhibiti. Neno shahidi lina faida moja: linakumbusha kazi yake halisi, ambayo ni kutoa ushahidi juu ya mwenendo wa kipimo. Nalo lina onyo ndani yake, kwani shahidi huweza kusema uongo bila kujua, kama itakavyoonekana hapa chini. Makala yatasema sampuli shahidi.

Mwisho, yafaa kutenganisha usahihi na uthabiti. Kipimo ni sahihi kikikaribia thamani ya kweli. Kipimo ni thabiti kikirudia jibu lile lile kila kinapofanywa. Mizani ya mchuuzi iliyoharibika huweza kuwa thabiti kabisa, ikiiba gramu hamsini kwa kila kilo asubuhi na jioni, bila kuwa sahihi hata siku moja. Mabadiliko ya loti huathiri zaidi usahihi, lakini hugunduliwa kwa kuchunguza uthabiti wa muda mrefu. Hapo ndipo wanafunzi wengi hupotea.

3. Kwa nini loti mbili hazifanani

Njia moja ya kupima sukari inayotumiwa sana katika maabara ndogo hutegemea vimeng'enya viwili. Cha kwanza, glukosi oksidasi, huioksidisha glukosi na kuzalisha peroksidi ya hidrojeni. Cha pili, peroksidasi, huitumia peroksidi hiyo kuunganisha kemikali mbili zisizo na rangi na kupata rangi nyekundu ya waridi. Kadiri sukari inavyozidi ndivyo rangi inavyokolea, na mashine hupima ni mwanga kiasi gani unaozuiwa na rangi hiyo. Mlolongo huu una mahali pengi pa kuteleza. Vimeng'enya hutolewa katika viumbe hai, kwa kawaida kuvu na mizizi ya mimea, na nguvu yake hutofautiana kutoka mavuno hadi mavuno. Kemikali za rangi huweza kuwa na uchafu kidogo. Na kimiminiko cha kusawazishia, ambacho ndicho kinachoiambia mashine kwamba rangi ya kiasi hiki ni sawa na miligramu 100, nacho kina loti yake na thamani yake iliyokadiriwa kiwandani.

Vipimo vinavyotumia kingamwili vina tabu zaidi. Zamani kingamwili zilitolewa katika damu ya sungura au mbuzi aliyechanjwa. Mnyama akifa au akizeeka, kingamwili za mnyama mwingine hazikuwa sawa na za kwanza. Ugunduzi wa Georges Köhler na César Milstein mwaka 1975 uliwezesha kutengeneza kingamwili za aina moja tu kutoka katika ukoo mmoja wa seli, na tatizo likapungua sana. Halikwisha. Bado kingamwili hizo hubandikwa kwenye chembe za plastiki au kuunganishwa na kimeng'enya, na kazi hiyo ya kubandika haitoki sawasawa kila mara.

Baada ya kiwanda, ziko njia na ghala. Vitendanishi vingi vinatakiwa kukaa baina ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi. Masanduku mawili ya loti moja, moja likiwa limekaa siku tatu juani mpakani na la pili likipita usiku, si kitu kimoja tena yanapofunguliwa, ingawa namba ya pembeni ni ile ile. Kwa sababu hiyo kanuni ya kimataifa ya maabara za tiba, ISO 15189, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 2003, katika toleo lake la 2012 ilidai kwamba loti mpya ihakikiwe kabla ya kutumiwa, na vilevile kila shehena mpya, hata kama loti haikubadilika.

4. Mchoro wa kila siku

Chombo kikuu cha uangalizi ni mchoro rahisi ambao asili yake ni kiwandani. Mwaka 1924 mhandisi wa Marekani Walter Shewhart alibuni mchoro wa kufuatilia ubora wa bidhaa zilizokuwa zikitengenezwa kwa wingi. Mwaka 1950 S. Levey na E. R. Jennings waliupeleka katika maabara ya hospitali, na tangu hapo unabeba majina yao. Kwanza sampuli shahidi hupimwa mara nyingi, walau mara ishirini kwa siku mbalimbali, ili kupata wastani na mkengeuko sanifu, yaani kile ambacho wanafunzi wa takwimu nchini Kongo hukiita écart type. Kisha mstari wa wastani huchorwa katikati ya karatasi, na juu na chini yake mistari ya mkengeuko mmoja, miwili na mitatu. Kila asubuhi nukta moja huongezwa.

Chukulia kwamba wastani wa sampuli shahidi ni 100 na mkengeuko sanifu ni 2. Kipimo kikiwa na afya, nukta 95 hivi katika kila 100 zitaanguka baina ya 96 na 104, na takriban zote baina ya 94 na 106. Nukta ikiruka nje ya 106, kazi husimama. Hilo hueleweka upesi. Lakini loti mpya haina desturi ya kuruka namna hiyo. Mara nyingi inafanya jambo la upole: inasogeza kila kitu juu kidogo. Ikiwa wastani mpya umekuwa 103, nukta nyingi zitakuwa bado ndani ya mstari wa mikengeuko miwili, na anayetazama nukta moja moja ataandika kila siku kwamba mambo ni mazuri.

Ndiyo maana James Westgard na wenzake walipendekeza mwaka 1981 kwamba nukta zisomwe kwa mfululizo. Nukta mbili zikifuatana nje ya mikengeuko miwili upande mmoja, kuna kosa. Nukta nne zikifuatana nje ya mkengeuko mmoja upande mmoja, kuna kosa. Nukta kumi zikifuatana upande mmoja wa mstari wa kati, hata zikiwa karibu nao kiasi gani, kuna kitu kimesogea. Msomaji anaweza kufananisha na kurusha sarafu: kupata upande mmoja mara mbili si ajabu, lakini kuupata mara kumi mfululizo ni jambo la kuwafanya watu waichunguze sarafu yenyewe.

Yafaa kusema wazi kwamba katika maabara nyingi mchoro huu upo ukutani lakini haupo machoni. Nukta hujazwa mwisho wa wiki kwa mkupuo, wagonjwa wakiwa wamekwisha kwenda na majibu yao. Mchoro wa namna hiyo ni pambo.

5. Shahidi asiyeaminika

Hata mchoro ukisomwa vizuri, una udhaifu ambao haukutambuliwa kwa uzito wake mapema. Sampuli shahidi si damu ya mgonjwa. Ni seramu iliyokaushwa kwa baridi au iliyotiwa vihifadhi, mara nyingine ikiwa na protini za ng'ombe au vitu vilivyoongezwa ili thamani ifike kiwango kinachotakiwa. Kitendanishi kikibadilika kidogo, seramu hii iliyotengenezwa huweza kuitikia kwa namna moja na damu halisi kwa namna nyingine. Matokeo huwa mawili, na yote ni mabaya. Huenda shahidi akapiga kelele ilhali majibu ya wagonjwa hayakubadilika hata kidogo. Loti nzuri hukataliwa, fedha hupotea na kazi husimama. Au shahidi hunyamaza ilhali majibu ya wagonjwa yamehama.

Jambo hili si la nadharia tu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 na W. Greg Miller na wenzake ulilinganisha loti nyingi za vitendanishi kwa kutumia sampuli shahidi na sampuli za wagonjwa bega kwa bega. Katika takriban hali mbili kwa kila tano, mabadiliko yaliyoonyeshwa na shahidi hayakulingana na yale yaliyoonyeshwa na wagonjwa. Shahidi anayekosea mara mbili kwa tano asingekubaliwa hata katika baraza la mtaa.

Kutokana na hayo kanuni imekuwa hii: shahidi hutumiwa kufuatilia siku kwa siku ndani ya loti moja, lakini loti inapobadilika hukumu hutolewa na sampuli za wagonjwa wenyewe. Loti ya zamani isiachwe ikaisha kabisa. Chupa moja au mbili hubakizwa, na asubuhi moja sampuli kadhaa za wagonjwa hupimwa kwa loti zote mbili, mashine ikiwa ile ile na mtu yule yule. Sampuli hizo zichaguliwe ili zienee kuanzia chini hadi juu, na hasa zikaribie vikomo vya maamuzi. Kwa sukari, zitafutwe zilizo karibu na 126 na zilizo chini karibu na 70, kwa kuwa hapo ndipo tofauti ndogo hubadili maisha ya mtu. Tofauti hiyo hiyo kwenye 400 haibadili lolote.

Kabla ya kupima chochote, maabara iamue tofauti ipi itavumiliwa. Agizo hili linaonekana dogo, kumbe ndilo linalovunjwa kuliko yote. Mtu akipima kwanza, akaona tofauti ya asilimia 7, huku sanduku limekwisha kulipiwa na wagonjwa wamejaa barazani, atapata sababu ya kuivumilia asilimia 7. Kikomo huwekwa mapema kwa kufikiria mgonjwa: tofauti ya kiasi gani ingemfanya daktari abadili uamuzi? Mwongozo wa CLSI, taasisi ya Marekani inayotunga viwango vya maabara, ambao ulitolewa mwaka 2013 chini ya jina EP26, unaanzia hapo hapo, kisha unaonyesha hesabu ya idadi ya sampuli zinazotosha. Kipimo thabiti chenye kikomo kipana kinahitaji sampuli chache. Kipimo kinachoyumba chenye kikomo chembamba kinahitaji nyingi.

6. Kusogea kidogo kidogo

Sasa yule mtu wa utangulizi anaweza kurudi. Chukulia kwamba maabara yake ilifanya yote yaliyotajwa. Kila loti mpya ililinganishwa na ile iliyotangulia kwa sampuli za wagonjwa, na kikomo kilikuwa asilimia 5. Loti ya pili ilikuwa juu ya ya kwanza kwa asilimia 2: ikakubaliwa. Ya tatu ilikuwa juu ya ya pili kwa asilimia 2: ikakubaliwa. Ikawa hivyo mara tano katika miaka miwili. Hakuna kosa lililofanywa, kila daftari limetiwa sahihi. Lakini 1,02 ikizidishwa kwa yenyewe mara tano hutoa 1,104, na 115 ikizidishwa kwa 1,104 hutoa 127. Damu yake haikubadilika.

Mfano huo ni wa hesabu tu, lakini kisa cha kweli cha namna hiyo kimeandikwa. Mwaka 2013 Alicia Algeciras-Schimnich wa Mayo Clinic nchini Marekani, pamoja na wenzake, walichapisha habari za kipimo cha homoni iitwayo IGF-1, ambayo husaidia kutambua matatizo ya homoni ya ukuaji. Madaktari walikuwa wameanza kulalamika kwamba wanapata majibu ya juu mengi mno, yasiyoafikiana na hali ya wagonjwa waliokuwa mbele yao. Hakiki za kila loti zilikuwa zimepita. Ni pale walipokokotoa wastani wa majibu ya wagonjwa wote kwa muda mrefu, wakaona mstari ukipanda loti baada ya loti. Jambo la kuzingatiwa hapa ni nani aliyeona kwanza. Si mashine wala mchoro; ni daktari aliyesema kwamba namba hii haifanani na mtu huyu. Maabara inayopokea malalamiko ya namna hiyo kama matusi hujinyima shahidi bora kuliko wote.

Wastani wa wagonjwa si wazo jipya. R. G. Hoffmann na M. E. Waid waliupendekeza mwaka 1965. Wazo lao ni kwamba hospitali inayopokea watu wa aina moja mwezi hadi mwezi itapata wastani usiobadilika sana. Ukibadilika ghafla siku ya kufunguliwa kwa loti mpya, jiji zima halikuugua usiku mmoja. Mwaka 1974 Brian Bull alilitumia katika kupima chembe nyekundu za damu, akifuatilia wagonjwa ishirini ishirini, kwa kuwa kuna vipimo vya chembe hizo ambavyo havitofautiani sana kutoka mtu hadi mtu. Faida yake kwa nchi isiyo na fedha nyingi ni dhahiri: majibu ya wagonjwa yamekwisha kulipiwa, na kinachohitajika ni daftari na kikokotoo. Hasara yake ni kwamba maabara ndogo yenye wagonjwa watano kwa siku hungoja muda mrefu kabla ya wastani kutulia, na kwamba wagonjwa wenyewe huweza kubadilika, kwa mfano kliniki ya kisukari ikifunguliwa jirani.

7. Namba inayosafiri na chupa

Ziko hali ambazo tofauti ya loti haifichwi, bali kiwanda chenyewe huitangaza kwa namba, na hatari hubakia kwa yule anayesahau kuisoma. Mfano ulio wazi ni kipimo cha muda wa kuganda kwa damu kwa wagonjwa wanaomeza wafarini. Kitendanishi chake, tromboplastini, hutofautiana sana kutoka kiwanda hadi kiwanda na loti hadi loti. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980 Shirika la Afya Duniani lilikubali utaratibu wa kusawazisha: kila loti hupewa kipeo chake, ISI, kinachopatikana kwa kuilinganisha na tromboplastini ya rejea ya kimataifa. Muda wa mgonjwa hugawanywa kwa muda wa watu wazima wa afya, kisha uwiano huo hupandishwa kwa kipeo cha loti. Kinachopatikana huitwa INR, na kwa wagonjwa wengi daktari hulenga baina ya 2 na 3.

Uwiano ukiwa 2,2 na kipeo ni 1,0, INR ni 2,2: mgonjwa yuko salama. Lakini ikiwa loti mpya ina kipeo cha 1,5 na mashine bado inakumbuka 1,0, ukweli ni 3,3 na karatasi inaandika 2,2. Mgonjwa ambaye damu yake imekwisha kuwa nyepesi mno ataonekana yumo ndani ya mipaka, na mwingine ataongezewa dozi. Mwaka 2001, katika hospitali moja mjini Philadelphia, kitendanishi kilibadilishwa bila kipeo kurekebishwa. Majibu ya mamia ya wagonjwa yalitoka chini ya ukweli kwa wiki kadhaa, na baadhi ya wagonjwa walikufa. Kila kitu kilikuwa kimeandikwa katika karatasi ya maelezo iliyokuwa ndani ya sanduku.

Karatasi hiyo ya maelezo ni jambo linalowahusu wanaisimu pia. Huja kwa Kiingereza, mara nyingi kwa Kifaransa, mara nyingine kwa Kichina na Kihispania, kwa herufi ndogo zinazochosha macho. Anayefungua sanduku usiku wa manane hana lugha yake mle ndani. Anachojua ni kwamba kitendanishi ni kile kile cha jana.

8. Pale pasipo na namba

Maabara nyingi za Kongo, hasa katika vituo vya afya, hazitoi namba bali ndiyo au siyo. Seramu za kundi la damu hugandisha chembe au hazigandishi. Kipimo cha haraka cha malaria huonyesha mstari au hakionyeshi. Hapo wastani na mkengeuko havina kazi, lakini swali la loti linabaki, tena kwa ukali zaidi. Seramu ya anti-D iliyodhoofika itamwita mtu hasi ilhali ni chanya dhaifu. Seramu ya anti-B iliyodhoofika huweza kumfanya mtu wa kundi AB aonekane A. Dawa yake ni rahisi na ya kale: kila loti mpya, na kila asubuhi kabla ya kazi, seramu ijaribiwe kwa chembe zinazojulikana za A, B na O, na itazamwe pia jinsi mgando unavyotokea, wa haraka na wa mabonge au wa kusuasua. Mgando unaosuasua huja kabla ya mgando unaokosekana.

Kwa malaria, Shirika la Afya Duniani pamoja na taasisi ya FIND waliendesha kwa miaka mingi, kuanzia mwaka 2007, mpango wa kupima loti za vipimo vya haraka katika maabara za rejea za Kambodia na Ufilipino. Loti ilijaribiwa kwa damu yenye vimelea 200 kwa mikrolita, na kwa damu yenye vimelea 2000. Kiwango cha chini ndicho kilichokuwa mtihani wa kweli, kwa sababu karibu kila kipimo huona vimelea vikiwa vingi. Mbovu hujulikana pale vinapokuwa vichache, yaani kwa mtoto aliyeletwa mapema.

Shida za mahali hapa zinajulikana. Umeme hukatika na jokofu hupoa na kupata joto mara kadhaa kwa wiki. Mwezi wa kumi, joto la Lubumbashi hupita nyuzi 30, na chumba kisicho na upepo hupita zaidi. Kugandisha sampuli za wagonjwa kwa nyuzi 70 chini ya sifuri ili kuzihifadhi mwaka mzima kama rejea, jambo linaloshauriwa na vitabu, haliwezekani katika vituo vingi. Lakini kulinganisha loti mbili kwa sampuli mbichi za asubuhi hiyo hakuhitaji jokofu la namna hiyo. Kunahitaji kwamba sanduku jipya liagizwe kabla la zamani halijaisha, na tatizo hapo ni la mhasibu na meneja kuliko la laborantini. Hospitali inayonunua kitendanishi siku kilipokwisha haiwezi kamwe kujua kama loti zake mbili zinapatana, kwa sababu hazikukutana. Inapowezekana, ni bora kuomba loti moja itakayotosha miezi sita kuliko kununua vipande vipande kwa bei nafuu ya wiki hiyo.

Na kuna daftari. Safu zake ni chache: jina la kitendanishi, namba ya loti, tarehe ya kupokelewa, joto la sanduku lilipofika, tarehe ya kufunguliwa, matokeo ya ulinganisho, jina la aliyefungua. Bila safu ya tarehe ya kufunguliwa, mchoro wa Levey na Jennings hauna maana kamili, kwa sababu mtu ataona mstari ukihama tarehe 14 na hatajua kwamba tarehe 14 ndiyo siku chupa ilipobadilishwa. Maabara nyingine huchora mstari wima kwa kalamu nyekundu juu ya mchoro kila loti inapofunguliwa. Daktari wa kisa cha kwanza, akiwa na swali juu ya ile 127, angeweza kushuka maabara, akaomba kuona mchoro wa miaka miwili, na kuhesabu mistari myekundu mitano iliyosimama baina ya karatasi mbili za mgonjwa wake.